Mkanda Lazima Ufike

Kamera ya Bolex ya milimita 16 haikuhitaji betri. Ndani yake mlikuwa na springi, na mpiga picha aliikaza kwa kuzungusha mpini ulio ubavuni. Akiikaza hadi mwisho, ilimpa chini ya nusu dakika ya picha kabla ya kulegea na kusimama. Mkanda wenyewe, gurudumu la futi 100, ulikwisha kwa dakika tatu kasorobo hivi. Sisi tunaoanza kurekodi kwa simu kabla msafara haujakata kona, na kuacha baada ya vumbi kutulia, hatujui hesabu hiyo ilivyomkaa mtu kichwani. Rais anashuka kwenye ndege. Uanze mlango unapofunguka, au ungoje mguu wa kwanza ukanyage ngazi? Ukianza mapema, springi itakwisha wakati anampa mkono mwenyeji wake. Ukichelewa, mlango umeukosa, na mhariri aliyeko mbali hatakuwa na pa kuanzia.

Katika hesabu za namna hiyo ndimo alimokulia Mohamed Amin, na kwangu hakuna mpiga picha wa habari wa Afrika Mashariki ambaye kazi yake inalipa zaidi ukiitazama polepole. Wengi wanamjua kwa jambo moja, njaa ya Ethiopia ya 1984. Wachache wanamkumbuka pia kwa kifo chake. Kinachonivutia mimi ni yale ya katikati, ufundi wa kila siku usioonekana kwenye picha: kufika, kungoja, kuchagua pa kusimama, na kuhakikisha mkanda unatoka pale ulipopigwa hadi pale unapohitajika.

Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, mtoto wa fundi aliyetoka Punjab akafanya kazi kwenye reli, na alikulia Dar es Salaam. Kamera yake ya kwanza ilikuwa Brownie ya boksi, aliyoipata akiwa na umri wa miaka 11 hivi. Anayeijua kamera hiyo anajua ilivyo nyimivu. Mkanda mmoja, picha nane. Lenzi haisogei, wala hakuna cha kuvuta kilicho mbali kije karibu. Ukitaka sura ya mtu iwe kubwa, unamwendea. Nadhani hapo ndipo miguu ya Amin ilipofundishwa kazi, maana baadaye, hata alipokuwa na lenzi za kila urefu, picha zake nyingi zinaonekana zimepigwa na mtu aliyesogea hatua moja zaidi ya wenzake.

Mwaka 1963, akiwa na miaka ishirini au chini yake, alianzisha kampuni yake, Camerapix, mjini Dar es Salaam. Wakati ulikuwa wake. Tanganyika ilikuwa huru tangu Desemba 1961, Uganda tangu Oktoba 1962, na Desemba ya 1963 bendera za Zanzibar na Kenya zilipandishwa siku mbili tofauti za wiki moja. Magazeti na televisheni za Ulaya zilitaka picha za viongozi wapya, na hazikuwa na watu wa kutosha huku. Kijana anayezungumza Kiswahili, anayejua njia, anayeweza kulala popote na asiyedai hoteli ya kifahari alikuwa na soko.

Biashara ilimfundisha kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Tukio lile lile alilipigia picha za mnato kwa ajili ya magazeti na picha jongefu kwa ajili ya televisheni. Kwa asiyeijua kazi, hilo ni suala la kubeba kamera mbili tu. Ugumu wenyewe uko machoni. Picha ya mnato inataka kilele: mkono ulipofika juu kabisa, kinywa kilipofunguka, bendera ilipojaa upepo. Picha jongefu inataka mwanzo, mwendo na mwisho, na kilele kikiwa peke yake hakiisaidii. Anayefikiri kwa njia ya kwanza huiua ya pili, na anayefikiri kwa ya pili huchelewa ya kwanza. Amin alilazimika kuamua papo hapo ni sekunde zipi za gazeti na zipi za televisheni, na kuamua kabla hazijafika. Mimi ni mtu wa picha za mnato, nakiri upendeleo wangu, lakini nikizitazama kazi zake naona kwamba ile jongefu ndiyo iliyoipa mnato wake uhai. Watu katika picha zake karibu kila mara wako njiani kwenda mahali.

Siasa, kwa mpiga picha, ni kazi ya adabu na ya mpangilio kuliko ya msukosuko. Nenda kwenye mkutano wa hadhara, Jangwani au Uhuru Park, uache kumtazama mhutubiaji, uwatazame wapiga picha walioketi chini ya jukwaa. Kwa muda mrefu hawafanyi kitu. Wanazungumza, wanakunywa maji, mmoja anafuta lenzi kwa pindo la shati. Kisha, bila mtu kuwaambia, wote wananyanyua kamera kwa pamoja, na sekunde moja baadaye mzee ananyoosha kidole juu. Walijuaje? Wamemsikiliza mara nyingi mno. Wanajua kwamba sauti ikishuka, mkono utapanda. Wanajua nani ataketi karibu na nani, na nani amehamishiwa kiti cha mbali tangu mwezi uliopita. Wanajua pia kwamba mwanasiasa akimaliza kutabasamu kwa ajili ya kamera, uso wake wa kweli hurudi kwa muda mfupi sana, na hapo ndipo aliyebaki na fremu moja kwenye kamera hupata malipo ya subira yake.

Adabu hiyo ina mpaka wake, na Amin aliugusa mapema. Alikuwamo Zanzibar baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, akapiga picha za siku ambazo watu wengi hawakutaka zipigwe. Mwaka 1966 alikamatwa huko huko Visiwani, akakaa gerezani karibu mwezi mzima. Baada ya hapo makao ya kazi yake yakawa Nairobi. Mtu anayetoka kifungoni kwa sababu ya kamera ana njia mbili: kuwaogopa wenye mamlaka, au kuwajua vizuri zaidi. Alichagua ya pili, na kwa miaka thelathini iliyofuata aliweza kuingia mahali ambapo waandishi wengine waliishia getini. Alipata njia hata katika Uganda ya Idi Amin, ambako mgeni mwenye kamera hakuwa na uhakika wa kurudi. Baadhi ya watu hawakumpenda kwa ukaribu huo na wenye nguvu. Naelewa wasiwasi wao. Lakini picha ya ikulu haipigwi kutoka barabarani.

Tarehe 5 Julai 1969, Jumamosi mchana, Tom Mboya alipigwa risasi akitoka kwenye duka la dawa katika Government Road, Nairobi, barabara ambayo leo inaitwa Moi Avenue. Amin alifika haraka, na akaingia ndani ya ambulensi. Picha alizopiga humo zinamwonyesha waziri aliyekuwa bado hajatimiza miaka 39, amelala, na watu wanahangaika kumrudishia pumzi.

Tufikirie mazingira yenyewe. Ndani ya gari mna giza kuliko nje kwenye jua la adhuhuri, kwa hiyo kipimo cha mwanga alichokuwa nacho barabarani hakifai tena. Gari linakwenda, linayumba. Nafasi ni ya kujibana tu, na kila sentimita anayoichukua mpiga picha ni sentimita anayonyimwa mtu anayejaribu kuokoa maisha. Hakuna pa kurudi nyuma, hakuna pa kuchagua pembe. Kilichobaki ni kuijua kamera kwa vidole, bila kuitazama, na kutulia. Picha zilizotoka humo zimetulia. Hilo ndilo linalonishangaza kila ninapozirudia. Mikono ya kila mtu ndani ya fremu ina haraka, isipokuwa mikono ya yule asiyeonekana.

Je, ilikuwa haki kuwamo? Swali hilo huulizwa, na ni zuri. Wapo wanaoona kwamba mtu anayekata roho ana haki ya kutokutazamwa na nchi nzima. Mimi naona alifanya sawa. Kuuawa kwa Mboya kulizaa uvumi ambao haujaisha hadi leo, na siku tatu baadaye umati uliokusanyika nje ya kanisa kuu la Holy Family kwa misa yake uligeuka ghasia na mabomu ya machozi. Mkanda hauwezi kutuambia nani alimtuma muuaji. Lakini unatuambia kwamba watu walijaribu kumwokoa, na walijaribuje, na jambo hilo halihitaji tena kusimuliwa na mtu mwenye maslahi. Kazi hiyo ilimpatia Amin tuzo nchini Uingereza mwaka huo huo, tuzo ambayo nafikiri hakuna anayeweza kuipokea kwa furaha kamili.

Picha ikishapigwa, haijawa habari bado. Sehemu hii ya kazi haisimuliwi sana kwa sababu haina msisimko, na kwa maoni yangu ndipo Amin alipowazidi wengi. Kwanza mkanda unasafishwa. Chumba cha giza, dawa ya kwanza, maji, dawa ya pili, maji tena, kukausha. Na joto la dawa likizidi kidogo, picha inaharibika, nawe uko kwenye nchi ya joto. Kisha unachagua picha moja au mbili, unazichapa, unaandika maelezo: nani, wapi, lini, nani kasimama kushoto. Picha ya mnato ingeweza kutumwa kwa njia ya simu, ikizungushiwa kwenye silinda iliyosoma weusi na weupe wake mstari kwa mstari kwa dakika kadhaa, na laini ikikatika katikati, unaanza upya. Ya rangi ilitumwa mara tatu, rangi moja moja.

Mkanda wa televisheni haukuwa na njia hiyo. Ulipaswa kupanda ndege. Kwa hiyo mpiga picha wa habari wa miaka ya 1960 na 1970 alijua ratiba za ndege kama mwadhini ajuavyo saa za sala. Alijua ndege ya usiku ya kwenda London inaondoka saa ngapi, mizigo inafungwa saa ngapi, na karani gani wa uwanja wa ndege atakubali mfuko uliochelewa. Ikishindikana, alitafuta uso wa kuaminika kwenye foleni ya abiria, akamwomba abebe mfuko, na kule mwisho wa safari mtu angempokea. Tukio kubwa lililopigwa vizuri na kukosa ndege ni sawa na tukio ambalo halikupigwa, kwani kesho yake mshindani atakuwa ameshalionyesha. Amin, aliyekuwa mtu wa Visnews, shirika la London lililogawa picha za habari kwa vituo vya televisheni duniani, aliipanga safari ya mkanda kabla hajapanga safari yake mwenyewe.

Ukishaelewa hayo, Oktoba 1984 inaonekana kwa namna nyingine. Simulizi ya kawaida ni kwamba Amin na mwandishi wa BBC, Michael Buerk, walifika Korem kaskazini mwa Ethiopia wakakuta makumi ya maelfu ya watu wenye njaa, wakapiga picha, dunia ikalia. Ni kweli, lakini inaruka sehemu ngumu. Serikali ya Mengistu Haile Mariam mwezi uliotangulia ilikuwa imesherehekea kwa fahari miaka kumi ya mapinduzi yake, na haikuwa na hamu ya kuona kamera zikielekea kaskazini, kwenye vita na njaa. Vibali vilikuwa vigumu. Wa kuvipata alikuwa mtu anayejua ofisi ipi, ngazi ipi, na chai ngapi zinywewe kabla ombi halijatajwa. Amin alikuwa na miaka ishirini ya mazoea hayo.

Kisha picha yenyewe. Alfajiri, baridi ya nyanda za juu, moshi na ukungu juu ya watu waliojifunika mashuka. Kamera inapita juu yao taratibu. Wapiga picha wengi wangekimbilia sura moja iliyo mbaya kuliko zote, waijaze fremu nzima. Amin alianza na wingi wao, akaacha jicho la mtazamaji litembee hadi lichoke kutafuta mwisho wa ule uwanda, ndipo akasogea kwenye nyuso. Mtazamaji anapofika kwenye mtoto mmoja, ameshajua kwamba nyuma yake wamo wengine wasiohesabika. BBC ilirusha taarifa hiyo tarehe 23 Oktoba, na baadaye ikaonyeshwa na vituo zaidi ya 400 duniani. Wimbo wa Band Aid wa kuwachangia wenye njaa ulitoka kabla ya Krismasi, na tamasha la Live Aid, kwa lengo hilo hilo, lilifanyika tarehe 13 Julai 1985, London na Philadelphia.

Nina neno moja kuhusu picha hizo, nalo halimlengi mtu. Zilionyesha njaa kama iliyoshuka kutoka mbinguni pamoja na ukame. Vita vya serikali na waasi wa Tigray na Eritrea, mashamba yaliyochomwa, barabara zilizofungwa, hayo hayaonekani alfajiri ya Korem, kwa sababu kamera huona kilicho mbele yake. Kwa miaka mingi baadaye Mwafrika aliyesafiri Ulaya aliulizwa kuhusu njaa hata kama kwao ni mvua na mihogo. Picha nzuri mno ina hatari yake: inakalia nafasi ya nyingine zote. Lakini ukiniuliza kama ingekuwa heri isipigwe, nitakujibu kwamba waliokula mwaka ule wasingekubaliana na mtu anayesema hivyo.

Miaka saba baadaye, Juni 1991, Amin alikuwa tena Addis Ababa. Waasi walikuwa wamekwisha kuuingia mji, na ghala la silaha lililipuka. Mlipuko ulimuua John Mathai, aliyekuwa akirekodi sauti, na ulimkata Amin mkono wa kushoto. Nataja jina la Mathai makusudi. Katika enzi ile fundi sauti na mpiga picha waliunganishwa na waya. Alikokwenda mmoja mwingine alifuata, naye wa sauti alisikia hatari kwa masikio huku macho yake yakimlinda mwenzake aliyezama kwenye kamera. Majina ya watu hao huwa hayaandikwi popote.

Mkono wa kushoto ndio unaobeba lenzi na kuilenga, wakati wa kulia ukifyatua. Mpiga picha akiupoteza, amepoteza nusu ya ufundi wake, ile nusu iliyo kwenye vidole. Amin alitengenezewa mkono wa bandia Marekani, akarudi kazini baada ya miezi michache. Watu huusimulia urejeo huo kama ushujaa, na sawa. Mimi nawaza zile saa za mazoezi ambazo hazikuwa na mtazamaji: kubadilisha lenzi kwa mkono mmoja, kufungua mfuko, kupandisha kamera begani bila kiganja cha kuipokea. Fundi wa miaka arobaini na saba kurudi kuwa mwanafunzi wa kitu alichokijua tangu utotoni.

Tarehe 23 Novemba 1996 alipanda ndege ya Ethiopian Airlines kutoka Addis Ababa kurudi Nairobi. Alikuwa na biashara huko. Camerapix ndiyo iliyochapisha jarida la shirika hilo la ndege. Watu watatu waliiteka nyara, wakadai wapelekwe Australia, na mafuta yalipokwisha ndege iliangukia baharini karibu na ufuo wa Ngazidja, Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa, akiwamo Amin na mwandishi mwenzake wa miaka mingi, Brian Tetley.

Nyuma yake aliacha kitu ambacho wapiga picha wengi wa rika lake hawakukiacha: maktaba iliyopangwa. Kuna vitabu vyake, kikiwamo kile cha Hija cha 1978 na kile cha Ziwa Turkana cha 1981, na kuna maelfu kwa maelfu ya negativu na mikanda. Niliwahi kupewa bahasha ya picha za zamani katika maktaba ya gazeti moja. Ndani mlikuwa na mawaziri walioketi kwenye kochi wakicheka, na nyuma ya picha hakuna hata herufi. Tulikaa na mzee wa maktaba tukibishana kuhusu tai na mitindo ya nywele ili tuotee mwaka. Amin aliandika. Alijua kuwa picha isiyo na tarehe huuzika mara moja tu.

Mwanawe, Salim Amin, aliendeleza Camerapix na kufungua Nairobi mafunzo ya vijana kwa jina la baba yake. Shindano la CNN la waandishi wa habari wa Afrika nalo lilikuwa na tuzo ya picha yenye jina la Mohamed Amin, na miongoni mwa walioipata ni Boniface Mwangi, aliyepiga picha za ghasia za Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Picha za Mwangi zilifika magazetini, kama inavyopaswa. Kisha akazichukua akazirudisha nyumbani. Mradi wake wa Picha Mtaani ulizizungusha kuanzia 2009 katika miji ya Kenya, zikatundikwa hadharani ambako wapita njia hawalipi kiingilio: mapanga, nyumba zinazowaka, miili. Amin alitumia maisha yake kuhakikisha mkanda wa Afrika unafika London kabla ya taarifa ya habari ya jioni. Mwangi aliupeleka kwa waliokuwamo ndani yake, na watu walisimama mbele ya mabango yale wakibishana kwa sauti kuhusu nani alianza, wengine wakitambua mtaa wao, duka lao, na jirani yao.